Habari ya Kutia Maji Miti ya Vyunguni

Mwezi huu sikuleta habari ya safari wala ya sikukuu. Nataka kueleza habari ya kutia maji miti iliyopandwa vyunguni. Huenda mtu akacheka, akasema, "Mwalimu amekosa la kuandika, nani asiyejua kutia maji?" Nami nalikuwa nikisema hivyo hivyo, hata nikaua mti usio wangu.

Sisi twakaa Michenzani, katika majumba ya ghorofa ya Ng'ambo. Jina la mahali lataja michenza, na mchenza ni mti. Lakini mgeni akija leo kutafuta michenza atachoka bure. Atakuta majumba marefu, kila moja kama gari la moshi lililosimama, yaliyojengwa katika miaka ya 1970 baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, kwa kufuata ramani ya mji iliyochorwa mwaka 1968 kwa msaada wa mafundi wa Ujerumani ya Mashariki. Nyumba za udongo zilizokuwapo ziliondolewa, na pamoja nazo nyua zake na miti yake. Tangu hapo mtu wa Michenzani apendaye kupanda hupanda juu, katika roshani. Simama njia panda utazame: utaona mishubiri katika makopo ya rangi, mipilipili katika ndoo zilizopasuka, mchaichai katika debe, na hapa na pale mwasumini uliofungwa kamba upate kutambaa. Mti wa shamba ukikosa mvua huteremsha mizizi yake chini kutafuta unyevu. Mti wa chunguni utaiteremsha wapi? Wamtegemea mwenye kata tu, na mwenye kata akiwa mjinga, hauna pa kukimbilia.

Mama mkwe wangu, ambaye sasa ni mjane na akaa pamoja nasi, alizaliwa Mbweni, katika shamba lile ambalo Misheni ya UMCA ililinunua mwaka 1871, likawa baadaye makao ya watu waliokombolewa katika utumwa. Mbweni ina sifa ya zamani kwa habari ya mimea. Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja siku zile, naye alikuwa na nyumba huko na bustani ya kujaribia miti ya nchi nyingine. Sijui kama mapenzi ya miti huambukizwa kwa udongo wa mahali, lakini mama huyu anayo. Alipohamia kwetu hakuleta kitanda wala kabati. Alileta vyombo saba vya miti: mirihani miwili katika makopo ya samli, mshubiri, mwaridi, mchaichai, mti mmoja mfupi wenye majani mazito yang'aayo kama yaliyopakwa mafuta, na mwasumini katika chungu kikubwa cha udongo. Huo mwasumini alipandiwa na marehemu mumewe mwaka waliofunga ndoa. Maua yake aliyatunga vikuba. Kimoja hukiweka Jumapili chini ya picha ya mumewe, na vingine huwapelekea majirani wakiwa na arusi. Jirani zetu wengi ni Waislamu, nao humwita mama wa asumini.

Mwaka jana, katikati ya mwezi wa Mei, alikwenda Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho, akae huko kwa binti yake muda wa majuma sita. Siku ya kuondoka alinipeleka roshani akanionyesha vyombo vyake kimoja kimoja. Nikamwuliza, "Mama, nitie maji mara ngapi?" Akajibu, "Tia ukiona wataka." Nikasema, "Nitaonaje?" Akasema, "Baba, utaangalia."

Jibu hilo halikunipendeza. Mimi ni mtu wa saa. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulilelewa kwa kengele: kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya chakula, na jambo lisilo na wakati wake twaliona kama halina ukweli. Basi nikaweka sheria yangu mwenyewe. Kila siku baada ya sala ya asubuhi, kila chombo kata mbili; na mwasumini, kwa kuwa ni mkubwa na wapendwa, kata tatu. Nikaandika katika karatasi, nikaibandika mlangoni. Mke wangu akaisoma, akanyamaza.

Nawaomba mkumbuke ulikuwa mwezi gani. Mei kwetu ni masika bado. Hewa ni ya maji, nguo hukaa siku mbili kambani wala hazikauki. Na baada ya masika yaja kipupwe, ambapo jua halina ukali na mti haunywi sana. Mimi nalikuwa nikitia maji kama ni Januari, pepo za kaskazi zikivuma. Wala maji hayo hayakuwa rahisi. Siku nyingi hayapandi kwa bomba mpaka ghorofa yetu. Twayabeba kwa madumu ngazi kwa ngazi, na mbebaji mkuu alikuwa kijana wangu, mwenye miaka kumi na sita. Habari zake zitakuja.

Juma la pili nikasikia hodi. Alikuwa jirani yetu wa chini, mwanamke mzee wa heshima, ameshika kanzu nyeupe mkononi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu, sikuja kugomba. Nimekuja kukuonyesha kanzu ya mzee, na kesho ni Ijumaa."

Kanzu ilikuwa na madoa matatu mekundu begani. Maji ya vyungu vyangu yalipita katika matundu, yakachukua rangi ya udongo, yakamdondokea mwenzangu kambani. Niliona haya sana. Mke wangu akaichukua ile kanzu, akaifua usiku ule ule na kuipiga pasi, na asubuhi mapema kijana akairudisha. Nami nikatafuta dawa: nikanunua sahani za plastiki, nikaweka moja chini ya kila chombo. Matone yakakoma. Nikajisifu kwa busara yangu.

Katika majuma mawili yaliyofuata majani ya mwasumini yakaanza kugeuka manjano, kwanza ya chini, kisha ya katikati, na ncha za matawi zikainama. Nikasema, kiu! Nikaongeza kata ya jioni. Yakazidi kuinama. Nikaongeza tena. Mirihani nayo ikawa myeusi mashina yake chini, ikaanguka upande. Kila Jumapili mama hupiga simu kutoka Dar es Salaam, na baada ya salaamu za watu huuliza salaamu za miti. Jumapili hiyo akaniuliza, "Mwasumini wangu haujambo?" Nikamjibu, "Haujambo, mama." Nalitoka kanisani muda wa saa moja tu, nami ndiye niliyewafundisha watoto siku ile habari ya amri ya tisa ya kutosema uwongo. Neno lilinitoka jepesi kama pumzi.

Juma hilo Bi Mkubwa alipanda tena, safari hii ameleta sahani ya mkate wa kumimina, maana ndivyo walivyo jirani zetu. Hata walipokuwa na haki ya kuudhika hawaachi sahani irudi tupu. Akaona roshani kwa mlango uliokuwa wazi.

"Mwalimu, mti wa dada yangu una nini?"

"Una kiu, Bi Mkubwa. Nautilia maji asubuhi na jioni, wala haushibi."

Akanitazama. Kisha akapita mpaka roshani, akachovya kidole cha shahada katika udongo mpaka fundo la pili, akakitoa, akanionyesha. Kilikuwa kimepakwa matope. Akasema, "Tia na chako." Nikatia. Palikuwa baridi na utelezi. Akaniuliza, "Mwenye kiu kinywa chake huwa hivi?"

Akaniamuru nikiinamishe chungu. Bonge la udongo likatoka zima, likinuka kama mtaro uliozibika. Mizizi iliyopaswa kuwa myeupe na migumu ilikuwa kahawia, na nilipoivuta ganda lake likabaki vidoleni na ndani pakasalia uzi mwembamba. Katika sahani ya plastiki maji yalikuwa yamesimama, na katika maji viluwiluwi vya mbu wakicheza. Akasema, "Huu haukufa kwa kiu, mwanangu. Umezama."

Nalishangaa, nikamwuliza mtu atajuaje, ikiwa mti ulioshikwa na kiu na mti uliozama yote miwili huinamisha majani sawasawa. Naye hakuwa na maneno ya shule ya kunieleza, lakini baadaye nalisoma vitabu nikaona sababu. Mizizi hunywa, na pia huvuta hewa. Katika udongo mzuri, kati ya chembe na chembe, mna nafasi ndogo. Maji yakipita hupita, na nyuma yake hewa huingia. Maji yakikaa daima, nafasi zile hujaa, mizizi hukosa hewa ikafa, kisha kuvu na uozo huishambulia. Na mzizi uliokufa hauwezi kunywa. Basi jani huku juu laona kiu ya kweli, ingawa mguu wa mti umesimama majini. Ndiyo maana mtu hudanganyika. Aongeza maji kwa huruma, na kwa huruma ile ile aua.

Jinsi ya kutambua ni hii. Mti wenye kiu udongo wake ni mkavu, chungu ni chepesi, majani hulegea na ya chini huwa makavu yenye kuvunjika. Mti uliozama udongo wake ni mbichi, chungu ni kizito, majani huwa manjano na laini. Kuna na hali ya tatu: mti ulegeao saa nane mchana kwa ukali wa jua, kisha jioni ukasimama wenyewe. Huo hauna haja nawe. Usiukimbilie na kata.

Basi ile karatasi yangu niliibandua. Tangu siku ile nafanya kama nilivyoonyeshwa, na kama nilivyojifunza kwa kukosea. Sitii maji kwa siku, natia kwa haja. Kila siku natazama, lakini kutazama si kutia. Kidole kikikuta unyevu kwenye fundo la pili, naacha. Mwenye vyombo vingi hana haja ya kuchovya vyote, ajifunze uzito. Inua chungu mara tu baada ya kukitia maji, ukumbuke mkono wako ulivyosikia, kisha ukiinue kila asubuhi. Baada ya juma moja mkono utakuwa mwalimu kuliko macho. Chungu cha udongo pia hujibu kikigongwa kwa ukucha: kikavu hulia, kibichi hufifia sauti. Hilo kopo la bati halikuambii kweli, wala ndoo ya plastiki.

Tena ukitia, tia kwa kweli. Kosa la watu wengi, nami nimeliona katika shule nyingi, ni kunyunyiza kidogo kidogo kila siku. Maji hayo hulowesha udongo wa juu tu, na mizizi hupanda juu kuyafuata, hata siku moja ya jua kali huichoma yote. Mimina polepole pande zote mpaka maji yatoke chini, ndipo uache mpaka haja irudi. Na yale yaliyotoka chini uyamwage baada ya muda mfupi. Sahani isikae na maji. Hilo si kwa ajili ya mti peke yake. Mbu aenezaye homa ya dengue, ile iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hupenda kutaga katika maji safi machache ya namna hii, karibu kabisa na vitanda vyetu. Mwenye jirani chini yake ashushe vyombo sakafuni bafuni au ukumbini, avitie maji humo, vichuruzike, ndipo avirudishe roshani. Ni kazi, lakini kanzu ya mtu ni kazi zaidi.

Mara nyingine utaona udongo uliokauka sana umejitenga na ukuta wa chungu, na maji ukiyamimina yanapita pembeni mbio yakatoka chini, nawe ukadhani mti umekunywa. Hujanywa hata tone. Hapo tia chungu chote katika ndoo yenye maji, kikae mpaka mapovu yakome, kisha kitoe kichuruzike.

Chombo nacho kina neno lake. Kila mmoja wetu ajua jinsi mtungi wa maji ya kunywa utoavyo jasho, na kwa jasho hilo maji yakapoa. Chungu cha udongo cha kupandia hufanya vivyo hivyo: hutoa unyevu kwa mbavu zake, kwa hiyo hukauka upesi, nayo mizizi hupata hewa. Bati na plastiki havitoi jasho, basi mti uliomo humo huhitaji maji mara chache zaidi. Lakini bati likipigwa na jua huwa moto, hupika mizizi. Kopo lolote litobolewe kwa msumari matundu matano au sita, na juu ya matundu viwekwe vigae vya chungu kilichovunjika ili udongo usitoke ukazibe. Udongo wa kinamo peke yake chunguni ni mauti. Kichanga peke yake hakishiki maji. Mimi huchanganya kinongo sehemu mbili, mchanga sehemu moja, na samadi iliyooza sehemu moja. Maji ya visima vilivyo karibu na pwani yana chumvi. Ukiona ukungu mweupe mgumu juu ya udongo au ubavuni mwa chungu, ndiyo hiyo. Kinga maji ya mvua, uyatie mengi mara moja yaioshe chumvi hiyo itoke chini.

Asubuhi ni bora kuliko jioni, kwa kuwa majani yakilowa hukauka mchana. Yakilala na maji hushikwa na kuvu. Katika kaskazi, Desemba mpaka Februari, chungu kidogo cha mrihani chaweza kutaka maji asubuhi na jioni. Katika kipupwe chungu kile kile hukaa siku tatu, nne.

Nalisema kuna mti mmoja wenye majani yang'aayo. Huo nao nalikuwa nikiupa kata mbili kila siku, ukaanza kuwa manjano. Sikujua ya kuwa ni mti wa nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki, tangu Kenya mpaka kusini, na kwamba chini ya udongo una viazi vyake vya kuweka akiba ya maji, kama ngamia na nundu yake kwa maneno ya watoto. Wataalamu huuita Zamioculcas. Wazungu waliujua tangu karne ya 19, lakini waliupuuza muda mrefu. Ndipo karibu na mwaka 1996 wakulima wa Uholanzi wakaanza kuuzalisha kwa wingi, na sasa wauzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani kwa jina la johari ya Zanzibar. Watu huununua kwa sababu moja: hautaki maji ila mara mojamoja, na mwenye nyumba akisafiri mwezi mzima atakuta u hai. Na mimi, mtu wa Unguja, nilitaka kuuzamisha roshani kwangu.

Uko na mwingine wa namna hiyo, ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, liitwalo Saintpaulia kwa ajili ya Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, aliyelipeleka kwao likajulikana mwaka 1893. Kabla yake Sir John Kirk alikwisha kulichuma mwaka 1884, na Padre W. E. Taylor wa misheni ya CMS ya Mombasa, yule aliyekusanya methali za Waswahili, mwaka 1887. Lakini vielelezo vyao vilivyofika Kew havikutosha kulieleza. Hukaa kwenye nyufa za majabali yenye kivuli, ambapo maji hupita wala hayasimami. Majani yake yana manyoya, na tone la maji baridi huyaachia doa. Kwa hiyo walipandao nyumbani hulinywesha kutoka chini, kwa kuweka chungu ndani ya bakuli la maji robo saa, kisha kukitoa. Miti miwili basi, yote ya kwetu, na mmoja wataka usahauliwe, na wa pili wataka kunyweshwa miguuni.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Mwaka ule alikuwa akifundishwa kwa ajili ya Kipaimara. Tulizoea kushuka pamoja Jumamosi mpaka Mkunazini, katika kanisa lile ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Noeli ya mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Mimi kufundisha, yeye kujifunza pamoja na wenzake. Mimi kwa kuwa ni baba na ni mwalimu niliona mafundisho ya Jumamosi hayatoshi. Kila jioni baada ya chakula nilimwuliza maswali ya katekisimu. Akinyamaza, nilidhani hajui, nikamweleza tena. Akiinamisha kichwa, nilidhani hajali, nikaongeza maonyo. Kuna methali isemayo, udongo upatize ungali maji, nami niliishika kama upanga. Mwezi wa Juni akaacha kushuka nami Jumamosi. Husema ana kazi ya shule, na jioni huchukua madumu akakaa huko bombani hata usiku.

Siku ile Bi Mkubwa alipokwisha kushuka, nalibaki roshani na lile bonge la udongo linalonuka. Naye kijana akapanda na dumu la lita ishirini begani, akaliweka chini, akaona mwasumini umelazwa sakafuni. Akasema, "Baba, mimi nalikuona kila siku ukiutia. Nalijua umejaa." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, bila jeuri, "Baba, wewe huulizi mtu. Huuliza yaliyo katika kitabu."

Sikupata la kumjibu, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile sikulitafuta. Jioni sikumwuliza maswali. Wala ya pili yake, wala juma lile zima. Mke wangu alidhani ni mgonjwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari ya mwenye kupanda na mwenye kutia maji, na mimi sura ile nimeifundisha mara nyingi sana. Lakini nalikuwa nikiifundisha kama kwamba sifa yote ni ya kata.

Mama alirudi mwisho wa Juni. Nalikwenda kumpokea bandarini Malindi, nikakusudia kumwambia pale pale kabla hajaona. Jicho lake lilikuwa na kitambaa bado. Nikamwambia, "Mama, mwasumini umekufa. Mimi ndimi niliyeuzamisha." Akasimama. "Uliniambia haujambo." "Ndiyo, mama. Nalisema uwongo." Hakunena neno njia nzima mpaka Michenzani, wala ngazini. Alipofika aliomba kiti, akakaa roshani, akakipakata kile chungu kitupu.

Walakini Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kusikia sauti yake. Akapanda, na mkononi ana matawi matatu ya asumini yaliyofungwa kitambaa kibichi. Miaka mingi nyuma mama alipowapelekea kikuba cha arusi, alikuwa amempa na tawi, nalo likashika. Mwasumini wa chini ulikuwa mtoto wa huu wetu, na sisi hatukujua ila wao wawili. Wakakumbatiana, wakalia kidogo kama wafanyavyo wazee, kisha wakaanza kucheka habari ya kanzu.

Mama alikata kila tawi chini ya fundo, akaondoa majani ya chini, akayachomeka katika mchanga na kinongo ndani ya kopo lililotobolewa, akalifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, akaliweka kivulini. Akaniambia, "Baba, hili usiliguse." Nami sikuligusa. Tawi moja lilikauka, la pili likaoza, la tatu likatoa chipukizi baada ya majuma matano.

Kijana hakupokea Kipaimara mwaka ule. Alimwambia padre mwenyewe kwamba hayuko tayari, ataka kungoja. Tangu Septemba ameanza tena kushuka nami Mkunazini, si kila Jumamosi. Jioni moja tukiwa bombani twangoja zamu yetu ya maji aliniuliza kwa nini Bwana wetu alimwacha Yuda ashike mfuko. Nikamwambia kwa kweli kwamba sijui vema, tukazungumza mpaka madumu yakajaa.

Leo ni Januari na kaskazi zimeshika. Mwasumini mpya umefika urefu wa mkono, nao umehamishwa katika kile chungu cha zamani, kilichooshwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Asubuhi hii nilitia kidole. Fundo la kwanza palikuwa pakavu, la pili pana unyevu bado. Nikairudisha kata mahali pake.